Timazi Kwenye Daraja la Diwani

"Daraja lipo!"

"Halipo!"

"Kwako halipo. Kwangu lipo. Ya nini kugombana? Kila mtu na ukweli wake."

"We Diwani, dada yangu ana uchungu! Huo ukweli wako utambeba?"

Hapo ndipo ilipoanzia ndoto yangu ya jana mchana, nimejilaza zangu saiti juu ya mifuko ya simenti. Tuko ukingoni mwa mto. Dada Sikudhani kashika kiuno, anahema. Shemeji kachuchumaa. Hospitali iko ng'ambo.

Diwani ananyooshea kidole hewa tupu. "Limekamilika. Si tumeshatangaza?"

Na kweli, watu wake wanapita. Mama Nyamizi anakatiza hewani na beseni la maandazi kichwani, kandambili zinalia pa, pa, pa, kama zinakanyaga mbao. Chini mto unavuma.

Jamaa mmoja akasimama katikati. "Hivi hili lilijengwa lini?"

Chubwi! Maji yakambeba.

"Kabadili ukweli," Diwani akasema. "Haki yake."

Dada akanyanyua mguu. "Mimi naamini."

Nikamvuta khanga. "Na imani ikikuishia katikati?"

"Sasa nizalie hapa?"

Timazi langu, kile chuma cha uzi cha kupimia kama ukuta umesimama wima, likakohoa mfukoni. "Fundi, nishushe."

Nikalishusha. Likapenya daraja kama linapenya moshi, uzi ukanyooka. Jamani, mimi najenga kuta, lakini sijawahi kuona kitu kimenyooka vile. Milima ikaonekana imepinda. Diwani naye kapinda. Mto wenyewe ukanyamaza.

Halafu ukasema: "Miaka yote mnabishana juu yangu, hakuna aliyenipima. Hapa ni futi ishirini. Pale juu, kwenye mawe meusi, naishia magotini."

"Huo ni mtazamo wako," Diwani akasema.

"Ni magotini kwa yeyote. Hata kwako."

Dada keshaondoka, anaelekea kwenye mawe, anamburuta shemeji.

Nikaamka. Shemeji kasimama mbele yangu, suruali imelowa mpaka magotini, juu kukavu.

"Wa kike," akasema. "Wote wazima."

"Mmepita kwenye mawe meusi?"

Akanikazia macho. "Nani kakwambia? Mimi mwenyewe nimeyajua leo, dada yako ndiye kanivuta huko."

Nikafungua mdomo nimweleze. Akageuka, akarudi zake kwa mkewe, viatu vinatoa maji.