Diski Mbili za Fundi Saa

Fundi saa alikuja dukani na karatasi mkononi. Alisimama kwenye kaunta, akavuta pumzi ndefu, akaanza, "Na-naomba ku-ku-kuundiwa..." Kigugumizi kikambana. Akaishia kumsukumia fundi wa kompyuta ile karatasi.

Dada huyo aliisoma. Vifaa vyote alivyotaka mteja vilikuwa sawasawa, isipokuwa mstari wa mwisho: diski mbili kubwa za aina moja.

"Kaka, hapa unajipunja," alimwambia. "Chukua moja ndogo ya kasi, kompyuta iwake upesi, na moja kubwa ya kuhifadhia vitu. Mbili kubwa za nini?"

"Mo-moja iwe na-nakala ya nyingine."

"Kwani una siri za serikali?"

Fundi saa alitabasamu kidogo. Akatoa diski yake ya zamani, ambayo siku hizi ikiwaka hugongagonga kama inayokaribia kufa. "Vya nyu-nyumbani tu. Vi-visipotee." Akaenda kungoja kwenye benchi nje.

Dada aliiunganisha ile diski, akaanza kuhamishia vilivyomo kwenye zile mbili mpya. Zilikuwa rekodi za sauti, maelfu, kila moja na tarehe yake, za miaka tisa mfululizo. Zilipokwisha kuhama alifungua ya mwisho ahakikishe inasikika. Hiyo ilikuwa kazi yake.

"Na-naomba kuundiwa kompyuta," ilisema sauti ya fundi saa. Kimya. "Naomba ku-kuundiwa..." Kimya tena. Alirudia na kurudia, hadi sentensi ikatoka laini bila kukwama, ikafuatwa na kicheko kidogo cha furaha cha mtu aliye peke yake chumbani.

Hapo alipaswa kuzima. Badala yake alimwita muuzaji wa kaunta, waliyembandika jina la Redio kwa domo lake. "Njoo usikie, utakufa!"

Redio akaanza kumwigiza. Dada akapandisha sauti, akafungua nyingine, ya mwaka juzi: "Mabibi na ma-mabwana, mi-mimi ndiye baba wa bi-bi-bibi harusi." Walicheka hadi wakashika mbavu. Alipogeuka kufuta machozi, fundi saa alikuwa mlangoni.

Redio aliinama ghafla chini ya kaunta, akajifanya anapanga nyaya. Rekodi ikaendelea kusema hadi dada alipokipata kipanya na kuizima.

"Kaka, nimefanya ushenzi. Nisamehe."

Fundi saa alizitazama diski mezani, si yeye. Alihangaika na neno kwa muda mrefu, na dada akasimama pale akilingoja, uso ukimwaka moto.

"Zi-zimehama zote?"

"Zote."

"Ba-basi ni-niwekee hizo mbili." Akaondoka. Afadhali angemtukana.

Dada aliiunda kompyuta ile peke yake, akakagua nakala mara tatu, akamkatalia Redio kuigusa. Kesho yake aliyekuja kuichukua alikuwa binti wa fundi saa, mwanamke mchangamfu mwenye mtoto mgongoni.

"Baba anawashukuru sana," alisema. "Hivi dada, ana nini humo? Nyumbani hataki kutuambia hata kwa dawa."

"Sijui," alijibu dada, akiwa ameinamia boksi. "Sisi huwa hatufungui vitu vya wateja."

"Mna adabu kweli," binti akasema, akambana mkono kwa shukrani.