Karatasi ya Theluji

Likizo ya baridi ikifika na shule za Kabul zikifungwa, nyumba yetu haina mshindani. Wengine watajisifia mazulia yao. Sisi tuna sandali: meza fupi, jiko la makaa chini yake, mfarishi mkubwa juu, na miguu ya kila mtu imeingia humo hadi magotini. Pembeni kuna kokwa za jozi, zabibu kavu, chai ya iliki na vitabu. Mimi Zarghuna ni mwalimu, kwa hiyo ndimi ninayewasomea marafiki zangu wawili kwa sauti. Gulalai hulia kabla hata jambo la kuliza halijafika. Shekiba naye asipomtania mtu kutwa, huumwa kichwa.

Mama yangu, ambaye mtaa mzima humwita Koko Gul, miaka yote alikuwa akitusikiliza tu huku akichochea makaa. Hakuwahi kukanyaga shule. Alinisomesha kwa cherehani yake, na vuli ya mwaka jana nikaona ni zamu yangu. Nikamfundisha kusoma jikoni, sisi wawili tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kwelikweli. Viazi viliungua mara nyingi na hakuna aliyejali. Baridi ilipoingia aliweza kusoma ukurasa mzima, polepole, kidole kikitangulia.

Nikamwomba asome mbele ya wenzangu.

"Thubutu!" akasema. "Shekiba akinicheka, uso wangu nitauweka wapi?"

Niliumia. Baridi ile nilitaka jambo moja tu: mama yangu ahesabiwe kati ya wasomaji, kwa sababu alikuwa msomaji. Lakini mama akikataa, amekataa.

Sasa, kwetu theluji ya kwanza ina vita vyake. Unaandika kikaratasi kwamba theluji imetoka kwako na karamu itoke kwa mwenzio, kisha unakifikisha kwa hila. Aliyekisoma ameshindwa, atapika. Lakini akimkamata aliyekileta kabla hajaponyoka, anampaka masizi usoni, na mpishi anakuwa yule aliyekituma. Shekiba alikwisha kupata dawa ya masizi. Kila mwaka alificha kikaratasi ndani ya kitabu na kumpa Mama aniletee. Mama, asiyejua amebeba nini, aliniwekea mapajani. Nani angempaka masizi mama yake mzazi? Nilipika kila mwaka, na Shekiba alikula na kuongeza. Mama alicheka pamoja nasi, lakini nilimwona akiyakwepa macho yangu.

Siku theluji ilipoanguka, Shekiba alipitia jikoni kwanza, kisha akaja kuingiza miguu chini ya mfarishi kama mtu asiye na dhambi.

"Endelea kusoma, mwalimu," akasema. "Leo sauti yako tamu kama asali."

"Wewe unanisifu? Una homa?"

"Ala! Mtu asikusifu?"

Gulalai alikuwa ameshaanza kulia kwa ajili ya bibi harusi wa kitabuni, basi nikaendelea. Mara mlango ukafunguliwa. Mama alisimama pale, miwani puani, kitabu cha Shekiba wazi mkononi, na kikaratasi juu yake.

Kidole kilikuwa kinatembea.

"The... theluji ya kwetu," akasoma. "Ka... karamu... karamu ya kwenu."

Hakuna aliyecheka. Gulalai alifunika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikifunga kitabu nilichokuwa nikisoma, fahari imenijaa.

Shekiba akanyanyuka nusu. "Mama Koko, samahani, hiyo ilikuwa ya Zarghuna. Kwako haihesabiki."

"Nini hakihesabiki?"

"Yaani wewe hukuwa kwenye mchezo. Usijisumbue kupika, Mama."

Alisema kwa wema, masikini. Lakini Mama alivua miwani, nami nikajua kumekucha.

"Shekiba jan, binti yangu mpenzi, nijibu. Kikaratasi kimesomwa?"

"Kimesomwa."

"Kasoma nani?"

"Wewe, Mama."

"Na aliyesoma?"

Shekiba akanitazama nimsaidie. Nikachukua jozi nikatafuna.

"Ameshindwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi nimeshindwa! Miaka yote umenifanya punda wako wa posta. Leo punda kafungua mzigo, unataka kumnyima haki yake? Karamu ni yangu. Usiniguse karamu yangu!"

Shekiba alitoka chini ya mfarishi, akamwendea, akambusu mkono. "Nisamehe, Koko Gul," akasema, na safari hii hakutania. "Umeshindwa kihalali."

Mama alinikataza nisimsaidie hata kukata vitunguu. Alikanda unga, akakunja mantu za nyama, akazipika kwa mvuke hadi madirisha yote yakatoa jasho. Karamu ilikuwa ya watu watatu. Yeye akaalika mtaa mzima. Majirani wakaja wakikung'uta theluji mabegani, na mke wa mwoka mikate, alipoona masufuria yalivyo mengi, akauliza kwa huruma ni nani aliyeshindwa vibaya namna hii.

"Mimi," akasema Mama, kifua mbele. "Na sikusomewa na mtu."