Kitinda wa Kurudi na Kitinda wa Kuhamia

Kinyozi wa jirani anadai kwamba Kitinda aligawanyika mbele ya kioo chake, mchana kweupe, na kwamba ilisikika sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Kinyozi huyo ukimwachia uwongo ataukata mitindo yote. Ukweli ni kwamba Kitinda aligawanyika nyumbani, mezani, kalamu mkononi, wala hapakuwa na sauti yoyote. Dada yake mkubwa alikuwepo. Ndiye aliyekwenda kuongeza kikombe.

Chanzo ni Baba. Baba alikuwa na kiwanda cha magodoro uani, na katika biashara hiyo alikuwa na mtindo wake: sponji aliagiza kwa wauzaji wawili kwa mpigo, akimwapia kila mmoja kuwa anaagiza kwake peke yake. Wa kwanza kufika alipokewa. Wa pili aliambiwa mwenye kiwanda amesafiri. Basi alipoamua kumpeleka kitinda mimba wake ng'ambo, alimwombea viza ya masomo, na wiki hiyohiyo akaomba ukaazi wa mwekezaji kwa ajili yake mwenyewe, mkewe na binti huyohuyo, akiahidi kuuza kiwanda na kuhamishia fedha huko.

"Mshika mawili," Mama alianza.

"Moja humponyoka," Baba akamalizia. "Sasa mimi likiniponyoka moja, si ninabaki na jingine?"

Dada Mkubwa hakuwamo katika ombi lolote. Wakala wa safari alisema umri umempita kuitwa mtoto. Yeye alikuwa ameishia shule ya msingi ili akae kiwandani ashone makava ya magodoro, Kitinda asome, na Baba alimwahidi mbele ya Mama: mdogo atapata elimu, mkubwa atapata kiwanda. Kwa hiyo aliomba kimoyomoyo viza ya masomo itangulie. Ikitangulia, hakuna cha kuuzwa, na kiwanda ni chake.

Fomu ya kwanza ilimtaka Kitinda aape kwamba akimaliza masomo atarudi nyumbani. Akaapa. Ya pili ilimtaka aape kwamba anahama moja kwa moja. Akaapa. Alipoinua kalamu walikuwa wawili, gauni lilelile, kovu lilelile kidevuni, wakigombea kiti.

"Sogea," alisema mmoja.

"Sogea wewe. Si ndiwe unayehama?"

Mama aliwatazama, akasema shuka hazitatosha. Baba alifurahi. Ubalozini mmoja angekwenda dirisha hili na mwingine dirisha lile, nauli ileile.

Kuwatofautisha hakukuwa kazi. Kitinda wa Kurudi alifua, alifagia, na Dada Mkubwa aliposhona alikaa karibu naye akimsomea kuhusu magonjwa ya ng'ombe, maana alitaka kuwa daktari wa mifugo. Kitinda wa Kuhamia alikaa sebuleni juu ya sanduku lililofungwa, akilalamikia joto.

"Nyie watu wa huku mnakula mapema mno," alisema alipoitwa mezani.

"Watu wa huku?" Dada Mkubwa akamuuliza. "Na wewe ulizaliwa wapi, mwezini?"

"Nilikuwa napita tu."

Ubalozini hakuna aliyeshangaa. Afisa wa mlangoni aliuliza kama wote wawili wamelipiwa ada. Walikuwa wamelipiwa.

"Basi hakuna tatizo. Waliogawanyika wana foleni yao, ile pale chini ya feni mbovu."

Foleni yenyewe ilikuwa ndefu. Mbele yao kulikuwa na mwalimu aliyejigawa mara tatu, na wa tatu alikuwa amemlalia wa pili begani, anakoroma.

Kitinda wa Kurudi ndiye aliyeitwa kwanza.

"Nyumbani kwenu kuna nini cha kukurudisha?" aliuliza afisa wa dirishani.

"Kiwanda cha baba. Na dada yangu."

Afisa alitazama kompyuta. "Kiwanda naona kinauzwa. Dada simwoni."

"Huyu hapa nyuma yangu."

Dada Mkubwa aliinua mkono. Afisa alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama pazia.

"Kwenye ombi hayumo. Na anayehama hawezi kuahidi kurudi."

"Anayehama ni yule pale!"

"Binti, sura ni moja," alisema afisa, akamnyima viza.

Kwenye dirisha la wawekezaji Kitinda wa Kuhamia hakuulizwa atasoma nini wala atarudi lini. Aliletewa kiti, maji baridi na kibali.

"Limefika," alisema Baba, kwa sauti ileile ya kupokea sponji. Akauza kiwanda, pamoja na nyumba, mashine na mbwa.

"Na ahadi yangu, Baba?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Ahadi nilimpa mtoto. Wewe umri umekupita, wakala mwenyewe kasema."

"Na huyu ninayebaki naye?"

"Pasipoti ni moja, mwanangu."

Baba, Mama na Kitinda wa Kuhamia walipoondoka, Dada Mkubwa alimpeleka mdogo wake kwenye chuo cha mifugo cha hapohapo mjini. Karani alipekua, akasema mwanafunzi huyo amehama nchi.

"Si huyu amesimama mbele yako?"

"Namwona, dada. Lakini amehama."

Mnunuzi wa kiwanda alikuwa mwungwana. Aliwaajiri wote wawili kwa mshahara wa mtu mmoja, kwa kuwa mmoja tu ndiye aliyeonekana kuwapo nchini. Siku moja akawaambia stoo ya kiwanda wanamolala anaihitaji kwa ajili ya sponji. Dada Mkubwa akatoka uani, akampigia Baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Huku baridi, mwanangu, wee acha tu."

"Poleni. Baba, mwambie mnunuzi atuachie stoo. Neno lako atalisikia."

Upande wa pili mlango ulifunguka, viatu vikaingia, na Kitinda wa Kuhamia akasikika akicheka sana kwa jambo fulani. Kule ndani ya kiwanda Kitinda wa Kurudi, sindano mkononi, godoro mapajani, naye akacheka, kicheko kilekile, pumzi kwa pumzi, bila kujua kinachochekesha.

"Baba? Unanisikia? Stoo tu, Baba."