Nyuma ya Magige

Magige alikuwa na wivu, tuseme tu mapema tusizungukane. Si ule wivu mdogo wa kutamani shati la mwenzako. Huu ulikuwa wivu wa kumwangalia mtu anakula ukaomba tonge limkwame. Na mtu mwenyewe alikuwa Heche, mtoto wa kaka yake.

Ndiyo, mtoto wa kaka yake, ingawa walilingana umri. Mzee Kisyeri wa Genkuru alioa mke wa mwisho wakati mwanawe wa kwanza naye anaoa, na wanawake hao wawili wakajifungua msimu mmoja wa kuvuna ulezi. Kwa mke wa mzee akazaliwa Magige, kwa mke wa mwanawe akazaliwa Heche. Wakachunga pamoja, wakasoma pamoja, na mwaka wa hamsini na saba walikuwa pamoja katika chuo cha ualimu pale Tarime, na bado Heche alimwita Magige "baba." Wenzao walicheka mpaka wakachoka. Heche hakujali. Kwa Wakurya baba ni baba hata kama mmeota meno siku moja, na kati ya baba na mtoto kuna haya wanayoiita ensoni. Mtoto haogi mtoni baba akiwepo, hakalii kiti chake, wala hampiti njiani bila kupewa ruhusa.

Kwa heshima hiyo Magige hakuwa na lalamiko. Lalamiko lake lilikuwa mzee Kisyeri. Maana ensoni hiyohiyo ilimfanya mzee awe mkavu kwa mwanawe, lakini babu na mjukuu hawaoneani haya, hao ni kutaniana tu. Likizo ikifika mzee alimkalisha Heche karibu, wakanyang'anyana ugoro, wakacheka mpaka kuku wakashtuka. Ujanani mzee alifuatilia ng'ombe walioibwa mpaka ng'ambo ya Mto Mara, kwa miguu, akawarudisha, na hakuruhusu mtu asahau. Sasa alikuwa akimpiga Heche makofi ya mapajani na kusema mbio zake zimemruka mtu mmoja zikaangukia kwa huyu. Huyo aliyerukwa alikuwa amekaa palepale, anamenya mhogo. Mzee hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mdomo tu. Lakini neno lile Magige alilimeza na halikushuka.

Kwa hiyo alitaka kitu kimoja duniani: baba yake amwone anakimbia. Chuo kilikuwa kinajiandaa kwa mbio za nyika dhidi ya chuo kimoja cha Kisii, ng'ambo ya mpaka, na safari hii wageni ndio wangekuja Tarime. Mzee alikwisha sema atakuja. Kilichobaki ni Magige kuwa ndani ya timu.

Katika mbio hizo kila upande hutoa watu sita, na wanaohesabiwa ni watano wa mbele. Nafasi walizoshika zinajumlishwa, na wenye jumla ndogo ndio washindi. Kwa hiyo hao vinara mnaowapigia vigelegele hawatoshi. Mbio mnashinda au mnashindwa kwa yule wa tano, anayefika watu wameshaanza kunywa uji. Mwalimu Opondo, Mjaluo wa Shirati aliyesimamia michezo, alikuwa na watano wa kuaminika. Wa sita alimtafuta kwa majaribio, na kila jaribio lilileta jambo lilelile: Magige wa sita, Heche nyuma yake, karibu umshike kwa mkono. Magige alifika ulimi nje. Heche alifika kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Wakurya wote pale chuoni walijua kwa nini. Hakuna aliyesema, maana mambo ya mtu na baba yake hayapelekwi kwa mwalimu. Lakini Opondo naye hakuwa kipofu. Akamwita Magige pembeni, nyuma ya jiko.

"Wewe na Heche ni wa mji mmoja," alisema. "Niambie kweli. Yule anabana nguvu?"

Neno moja tu lingetosha. Mwalimu angewakimbiza siku tofauti, na mambo yangejulikana. Magige akamtazama usoni, mkavu kabisa.

"Habani, mwalimu. Pumzi yake ndiyo hiyo."

Akapewa nafasi ya sita. Heche akampongeza kwa mikono miwili, tena akamfulia fulana ya mbio. Na hilo, jamani, ndilo lililomuudhi zaidi. Heche angenuna, angalau Magige angepata usingizi.

Asubuhi ya mbio Rubeni, mmoja wa wale watano, akaamka na homa, anatetemeka blanketi juu ya blanketi. Opondo hakuwa na mwingine. Akamwita Heche, akamrushia fulana ya mgonjwa. Magige akaitazama fulana ile ikidakwa. Siku yake moja, na hata hiyo wagawane! Alipoangalia kule kwenye kamba ya mwisho, mzee Kisyeri alikuwa ameshafika na koti lake zito na fimbo, anachekacheka na watu.

Wakaondoka. Wakashuka mtoni, wakapita mashamba ya mihogo, wakaanza kile kilima kinachorudisha watu uwanjani. Wenzao wanne walikuwa mbele, wanabanana vizuri na Wakisii. Nafasi ya tano ilikuwa ya Magige au Heche. Na mbele yao, hatua chache tu, alikuwepo kijana wa tano wa Kisii, amechoka, mabega yameshuka. Yule alikuwa mtu wa kukamatwa. Magige akaita miguu, miguu ikagoma. Kifua kilikuwa kinamlia. Nyuma yake alisikia nyayo za Heche na pumzi yake iliyotulia, pumzi ya mtu anayesubiri.

Kisha akasikia, kwa sauti ndogo, "Baba."

Basi, hilo tu. Lakini Magige alielewa, hata wewe ungeelewa. Alikuwa anaombwa njia. Angesogea pembeni kidogo, aseme "pita," na yule Mkisii angeachwa kabla ya kilele. Mbele ya macho yake akamwona mzee pale kwenye kamba anapiga paja, anamkumbatia mjukuu. Akatanua viwiko, akashika katikati ya njia, akanyamaza. Heche hakuita tena.

Wakaingia uwanjani hivyohivyo, Mkisii, Magige, Heche. Nafasi zikajumlishwa, chuo kikashindwa kwa pointi moja. Tomaso, nahodha wao, akatema mate chini akasema Heche aliletwa kujaza idadi tu. Opondo akampa Magige mkono, akamsifu mbele ya wote, na akasema Heche atafute mchezo mwingine. Heche aliinama anajifuta vumbi miguuni, hakujitetea. Magige akaupokea ule mkono. Akamtafuta mzee kwa macho kwenye kamba, asimwone.

Mzee alikuja baadaye, kutoka upande wa kilimani, polepole, anahema. Magige akasimama wima. Kwa mara ya kwanza maishani, mzee alimjia yeye kabla ya kumfikia Heche.

"Niliondoka hapa kwenye kamba," mzee alisema kwa Kikurya, hamwangalii usoni. "Hapa watu wanafika wote wanafanana. Nikapanda kule juu, nikuone wewe unavyopanda."

Magige akajifuta jasho usoni.

"Nilikuwa nyuma ya mikonge, pale kwenye kona," mzee akaendelea. "Nikamsikia anakuita."

Akangoja kidogo, akimpa nafasi ya kusema. Magige akashika pindo la ile fulana aliyofuliwa na Heche. Basi mzee akageuka, akamshika Heche bega, wakaondoka wawili taratibu kuelekea njia ya Genkuru, na wala hawakutaniana.