Marhamu ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipostaafu kazi ya kutengeneza dawa alihamia kwetu na sanduku moja la nguo, na mengine kadhaa yaliyojaa chupa, mizani na majani makavu. Mume wangu alimpisha chumba cha mbele chenye jua. Mama akakitazama, akaguna, akasema yeye shida yake ni jiko tu. Mimi ni daktari wa farasi, na siku zile nilikuwa nikirudi jioni nikinuka zizi toka kichwani hadi miguuni. Nikajisemea moyoni: haya, mafahali wawili, na zizi ndilo hili.

Hatukuwa tumezoeana. Aliniita "mke wa mwanangu" hata nikiwa nimesimama mbele yake, nami nilimwita mama kwa adabu zaidi kuliko kwa moyo.

Kilichotuleta pamoja ni vinundu. Miaka ile farasi wengi waliletwa kwenye zahanati yetu wakiwa na uvimbe wa ngozi: masikioni, kwenye kope, chini ya kifua pale mkanda wa tandiko unapobana. Ni aina ya saratani ambayo haina haraka ya kuua, lakini ni king'ang'anizi. Unaikata leo, kesho inarudi na ndugu zake. Siku moja nililalamika hivyo mezani, mdomo umejaa chakula. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Utomvu umeshajaribu?"

"Utomvu gani, mama?"

Akakichukua tena kijiko chake. Asubuhi nilimkuta kwenye ua wa jirani, amevaa glavu za kuoshea vyombo, anakata kile kichaka chenye utomvu wa manjano ambacho sote tulikiona gugu tu. Kumbe dawa ya utomvu ule ilikuwa ndoto yake tangu ujana. Kazini walimruhusu aijaribu kwa panya, kisha wakubwa wakachoka, panya wakapelekwa kwingine, naye akabaki na chupa zake.

"Siwezi kupaka farasi wa watu kitu kwa kuwa tu ni cha mama mkwe wangu," nilimwambia. "Tukijaribu, tujaribu kwa haki."

"Nani kakuomba upendeleo?"

Mkuu wa zahanati alikubali, wenye farasi wakakubali, na jiko langu likageuka kiwanda. Nusu ya farasi wangepakwa marhamu yenye utomvu. Nusu nyingine wangepakwa marhamu tupu, iliyotiwa bizari ya manjano ili rangi zifanane. Makopo alikuwa akiyajaza yeye, na ni yeye peke yake aliyejua lipi ni lipi. Mimi kazi yangu kupaka na kupima uvimbe kwa rula. Anayejua hapimi, anayepima hajui, ndivyo tulivyopatana.

Rahisi kusema. Jaribu kuishi nyumba moja na mtu mwenye siri unayoitamani. Nilikuwa nikimwambia leo sikio la yule farasi mwekundu limekauka vizuri, huku namwangalia usoni kwa kuibia. Yeye anapuliza chai yake. Mume wangu alitucheka. "Nyinyi wawili mnachunguzana kuliko mnavyochunguza farasi," alisema.

Katika farasi wote wale, aliyetuteka alikuwa jike mmoja wa kijivu aliyeitwa Bibi Harusi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuvuta gari la maharusi. Mwenye farasi huyo alikuwa mzee mmoja aliyefiwa na mke, tuliyemwita Mzee Hatamu, mtu wa kofia na utani mwingi. Bibi Harusi alikuwa na uvimbe mkubwa kwenye taya, na watu walikuwa wameanza kulikwepa gari lake. Nani anataka picha ya harusi yake iwe na farasi mwenye donda?

Mzee Hatamu alijaribu kila mlango. Mama alipokuja zahanati kuleta makopo, alimvulia kofia.

"Shemeji, nong'ona tu. Huyu wangu anapakwa dawa au anapakwa mchuzi?"

"Muulize yeye," mama akasema, akamwonyesha farasi kwa kidevu. "Akikujibu, nami nitakujibu."

Farasi wengine walikuwa wakiendelea vizuri, wengine wako palepale. Bibi Harusi alizidi kuharibika. Uvimbe ulipasuka, ukatoa maji, lijamu ya mdomoni ikawa inamuumiza, hata kutafuna akashindwa. Nikaamini kabisa kwamba yeye ndiye wa bizari. Jioni hiyo nilimkuta mama jikoni anasugua sufuria. Nikafunga mlango.

"Mama, niambie. Kama anapakwa bizari, tumbadilishie. Anateseka."

Aliendelea kusugua. Nikaona mabega yake yamekaza.

"Nikikuambia, mwanangu, mikono yako itajua. Utapima wengine kwa jicho jingine." Akasuuza sufuria, akaifunika kifudifudi. "Tulipoanza tulisema nini? Anayeshindwa kula, anatolewa, anatibiwa unavyojua wewe. Basi mtoe. Usiningoje mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu, lakini siku ile nilikuwa na hasira, sikulisikia neno hilo. Nilikwenda kulala nikimwona mwanamke mwenye moyo wa jiwe.

Nilimtoa Bibi Harusi kwenye jaribio, nikamtia ganzi, nikakata uvimbe wote mpaka kwenye nyama safi. Mzee Hatamu alimshika sikio muda wote akimsimulia harusi alizovuta. Mama alikuja pia, akasimama ukutani, mikono kifuani.

Jaribio lilipokwisha tulikaa meza ya jikoni, vipimo vyangu huku, alama zake kule, mume wangu akitusomea. Vinundu vidogo vilivyopakwa utomvu, vilikuwa vimekauka na kudondoka kwa wingi kuliko vile vya bizari. Vikubwa havikushtuka. Ikafika zamu ya Bibi Harusi.

"Utomvu," mume wangu akasoma. Akarudia, akidhani kakosea.

Nilimgeukia mama. Siku zote zile alikuwa akijua kwamba ni dawa yake mwenyewe, ndoto yake ya ujana, inayoshindwa kwenye shavu la farasi tuliyempenda wote. Nami nilikuwa nikimletea habari mbaya kila jioni, na bado nikamwona jiwe.

"Mama..."

"Andika kama ilivyo," alisema. "Inafaa vidogo, vikubwa haiviwezi." Kisha akaondoka mezani. Nikamkuta uani, analia polepole, anajifuta kwa kanga. Nilikaa kando yake. Alinishika mkono, wake ungali na rangi ya manjano kwenye kucha.

Tuliandika kama ilivyo. Hakuna aliyetupigia makofi, ila madaktari wachache waliomba marhamu kwa ajili ya vinundu vinavyoanza, na kwa miaka mingi tuliipika wenyewe. Siku za kupika tulifungua madirisha yote, tukabishana juu ya moto, tukasengenya majirani. Sijawahi kucheka namna ile kazini, kabla wala baada ya hapo.

Bibi Harusi alipona na kubaki na kovu refu. Siku moja isiyo na harusi Mzee Hatamu alileta gari mpaka mlangoni kwetu, limefungwa maua ya karatasi.

"Shemeji, panda. Mchuzi wako umenitia hasara, lakini wewe mwenyewe nakupenda."

"Mzee mwongo wewe," mama alisema, akaenda kubadilisha viatu.

Nilisimama barazani nikawatazama wakizunguka kona ya duka la viatu. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, amenyooka, na kila aliyempungia mkono alimjibu.