Wazima Arobaini na Mmoja

Mimi ndiye niliyeandika majina. Nalisema mapema, ili mtu asije akanihurumia kabla hajajua anamhurumia nani. Yalikuwa majina arobaini na mawili, kwa mwandiko wangu ulionyooka, mwandiko ambao jeshini ulinipa ukarani wa kikosi na uraiani ukanipa ukarani wa shule. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, nilisubiri watoto watoke mapumziko, nikakaa kwenye meza yangu ofisini nikapiga mistari kwa rula: Namba, Jina, Anapoishi, Kazi, Hali. Siku ya mkutano nilijaza, nikagonga muhuri wa chama chetu cha askari wa zamani, nikapeleka nakala makao makuu. Kwa orodha hiyo wenzangu walipewa vitambulisho vya askari wa akiba.

Sasa hiyo safu ya mwisho, ya Hali. Askari wa akiba akiandikwa mgonjwa hapewi kitambulisho, na asiye na kitambulisho hapati kazi ya ulinzi getini, hapati kuendesha lori la serikali, wala hapewi zabuni ya kushona sare za shule. Kwa hiyo chamani kwetu palikuwa na desturi. Nikifika kwenye jina la mtu nauliza kwa sauti, "Hali?" na ukumbi mzima unaitikia, "Mzima!" kisha kicheko. Kuna mmoja alikuwa akikohoa damu kwenye leso. Mzima! Mwingine ana jicho la kioo, tulimwita Dirisha. Siku tuliyomwitikia yeye, alikonyeza kwa jicho lilelile la kioo, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Mtu mmoja tu ndiye niliyemwandika kwa ukweli, naye ni mimi. Goti langu la kushoto halikunji, na mwajiri wangu alikuwa mwalimu mkuu, ambaye alihitaji mkono wangu, hakuhitaji goti. Sikuwa na haja ya kitambulisho. Niliandika "goti bovu", wenzangu wakanitania kwamba karani ni mwoga hata wa kudanganya.

Vita vilipoanza tena, redio ilitangaza kwamba askari wa akiba warudi jeshini. Siku mbili baadaye barua zikafuata. Hawakuhangaika kumtafuta mtu. Anapoishi, kazi yake, vyote vilikuwa mezani kwao, vimepigwa rula. Mjumbe wa jeshi alipita na pikipiki nyumba kwa nyumba bila kupotea hata mara moja, na nasikia alisema katika mji huu hajaona orodha safi kama ya kwetu. Aligawa barua arobaini na moja. Kwangu alipita kuulizia maji ya kunywa.

Rafiki yangu Blanketi aliletewa yake akiwa kwenye cherehani. Tulimwita Blanketi kwa sababu mafunzoni alikuwa analala hata akiwa amesimama. Siku hizi halali, ila jina limebaki. Katika vita vile vya kwanza handaki lilimwangukia, akakaa chini ya kifusi siku moja na nusu, akiwa amelaliana na wenzake wawili waliokwisha kufa. Tulipomfukua alikuwa mzima kwa kumtazama, hana hata jeraha. Alijifunza ushonaji kwa sababu, aliniambia, mlio wa cherehani unajulikana utaishia wapi. Mkewe, ambaye namwita shemeji, ndiye aliyekuwa akiwapima wateja, maana mumewe hapendi kumgusa mtu asiyemjua.

Mwaka jana lori lilipasuka tairi mbele ya duka lao. Ndani kulikuwa na mwalimu aliyekuja kuchukua sare za darasa lake. Blanketi aliruka kutoka kwenye kiti, akamwangusha yule mama chini ya meza ya kukatia, akamlalia, akamziba mdomo kwa kiganja ili adui asisikie. Tulihitajika watu watatu kumbandua: shemeji, mimi, na muuza nyama wa jirani. Mwalimu alikuwa amekwisha kuwa wa bluu midomoni. Blanketi alinitazama usoni akaniuliza mimi ni wa kikosi gani. Ilipita karibu saa nzima ndipo akarudi kwetu, akaona vifungo vimetapakaa sakafuni, akaanza kuviokota huku akiuliza nani kavimwaga.

Mwezi wa kwanza uliofuata niliuliza, "Hali?" na sauti iliyoitika kwa nguvu kuliko zote ilikuwa yake mwenyewe. Alitaka zabuni ya sare. Nikaandika.

Shemeji alinijia ofisini asubuhi ya pili tangu barua zigawiwe. Hakusalimu, yeye ambaye salamu zake huwa hazina mwisho. Aliiweka barua juu ya daftari la mahudhurio.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Ni wito."

"Kusoma najua. Nakuuliza hapa." Kidole chake chenye alama za sindano kilikuwa chini ya mstari wa mwisho: Hali kwa mujibu wa orodha ya chama, mzima. "Nani kasema mume wangu mzima?"

Nilianza kumweleza habari za vitambulisho, za zabuni, kwamba sote tulikuwa tunafanya hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo likawa baya zaidi.

"Mtu aliyetaka kumuua mwalimu kwa sababu ya tairi," alisema, "mkampe bunduki? Atamuua mwenzake, au wenzake watamuua yeye. Hatamaliza mwezi. Unajua."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyeandika. Basi kaandike tena."

Nikaandika. Nilitumia karatasi nzuri, nikasema kwamba katika orodha ya mwaka huu safu ya Hali kwa jina la mwenzetu huyu ilijazwa kimakosa, kwamba tangu vita vya kwanza ana maradhi ya akili yanayoamshwa na mshindo, na kwamba mimi, katibu wa chama, nimeshuhudia. Nikagonga muhuri. Nilijiona mtu mwema kidogo, nakiri hilo pia.

Siku ya kwenda kuandikishwa, Blanketi mwenyewe alikuja shingo upande. Alikuwa amebakiza sare kumi na saba na alitaka kuzimaliza kabla ya siku ya kuondoka.

"Karani, achana na hii kitu," aliniambia njiani. "Utajiletea balaa."

"Balaa gani? Ni karatasi tu."

"Wewe wa kusema ni karatasi tu!" Akacheka. Shemeji, aliyekuwa mbele yetu, hakugeuka.

Walikuwa wanaandikisha kwenye uwanja wa mpira. Wake na ndugu walizuiwa nje ya geti, kwa hiyo shemeji alibaki kwenye uzio. Ndani kulikuwa na foleni mbili chini ya jukwaa. Moja fupi, ya walioandikwa wagonjwa, iliyoelekea kwa daktari. Nyingine ndefu, ya wazima, iliyoelekea kwenye stoo ya buti. Wenzangu wote walikuwa kwenye hiyo ndefu. Yule aliyekuwa akikohoa damu alikuwa amekaa chini, kaegemea ukuta. Dirisha aliniona, akapaza sauti, "Karani! Hali?"

Hakuna aliyeitikia. Nilipita mbele yao nikivuta mguu wangu wa kushoto, na sijawahi kuona aibu ya kuchechemea kama siku ile.

Malalamiko yalisikilizwa kwenye chumba cha kuvalia wachezaji. Nyuma ya meza alikaa kapteni, mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisoma barua yangu. Akatoa orodha yetu kwenye faili, akaiweka sambamba nayo. Nilizitazama zile karatasi mbili, herufi zake zimefanana kama mapacha.

"Mzee, mwandiko huu ni wako?"

"Wangu, afande."

"Na huu?"

"Wangu pia."

"Sasa niambie. Ulidanganya lini? Mwezi wa kwanza au leo?"

Niliitazama mihuri yangu miwili, mmoja kwenye kila karatasi.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Sikiliza, mzee wangu," alisema. "Daktari ni mmoja, na watu umewaona. Anawapima walioandikwa wagonjwa tu. Kama ulidanganya mwezi wa kwanza, huyu namhamishia foleni ya daktari sasa hivi. Lakini wewe utakuwa umelidanganya jeshi kwa maandishi, na tuko vitani. Polisi jeshi wako hapo mlangoni, leo hulali kwako. Kama unadanganya leo kumficha rafiki, kosa ni hilohilo. Ila kama ni uchungu wa rafiki tu, chukua karatasi yako uichane. Mimi sijaona kitu."

Jibu lilikuwa maneno matatu: mwezi wa kwanza. Nilikuwa nayo mdomoni. Huwa najiambia kwamba pale niliwafikiria wale wenzangu arobaini, kwamba orodha nzima ingeshukiwa, kwamba ingekuwa vurugu. Ndivyo ninavyopenda kujieleza. Ukweli ni kwamba nilifikiria goti langu kwenye sakafu ya rumande. Nikafikiria kazi yangu ya shule, na nani angekaa kwenye meza yangu.

Blanketi alikuwa ananitazama. Aliniacha ninyamaze kwa muda wa kutosha, muda ambao mtu mzima angekuwa amekwisha kusema. Kisha akabana visigino, akanyoosha mikono ubavuni.

"Afande, mimi ni mzima. Huyu mzee ana huruma tu. Mke wangu ndiye aliyemsumbua."

"Una uhakika?"

"Mzima, afande!" Kwa sauti ileile ya ukumbini.

Hapo hapo, nje, mtu aliangusha kreti la buti kwenye saruji. Ulikuwa mshindo mmoja, mkavu. Blanketi hakuruka. Alibaki amesimama wima, lakini nilimwona akiuma mdomo wa chini, na tone la damu likashuka kidevuni. Mikono yake ilikuwa imeshika mshono wa suruali kana kwamba bila hiyo angeanguka. Macho yalikuwa wazi na hayakuwa yanatazama kitu chochote mle chumbani.

Kapteni aliona. Mungu shahidi wangu, aliona. Aliitazama ile damu, akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba.

"Mzee. Nakuuliza mara ya mwisho."

Nilichukua barua yangu nikaichana mara mbili, kisha mara nne. Nikasema, "Ni mzima, afande."

Kapteni alivisogeza vile vipande pembeni. Halafu akanisogezea fomu na kalamu. "Basi thibitisha hapa, kwa kuwa ulikuja kupinga." Nikatia sahihi. Hata siku ile, sahihi yangu ilitoka nzuri, na ule mkia wake mrefu ninaoupenda.

Tulitoka pamoja mimi na Blanketi. Nilitaka kumshika bega, nimwambie neno, sijui neno gani. Asante? Mtu anamwambiaje mwenzake asante kwa jambo kama lile? Tulipofika pale foleni zinapogawanyika, yeye akasimama. Akanigeukia kwa adabu sana, akaifuta damu kidevuni kwa mgongo wa mkono.

"Samahani, mzee," akasema. "Foleni ya buti ndiyo hii?"

Hakuwa ananitania. Niliyatazama macho yake, ni yale yale ya siku ya tairi. Alikuwa anamuuliza mzee asiyemjua, anayechechemea, aliyemkuta uwanjani. Hatua kumi nyuma yetu mlango wa kapteni ulikuwa bado wazi. Ningemshika mkono nikamrudisha vilevile alivyo, nikasema, afande, mtazame, muulize mimi ni nani. Isingehitaji barua wala muhuri. Ingehitaji niseme mwezi wa kwanza.

"Ndiyo," nilimwambia. "Ni hii."

Akashukuru, akaenda kusimama nyuma ya Dirisha.

Shemeji alikuwa ameshikilia uzio kwa mikono miwili. Aliponiona natoka peke yangu alielewa, sikuhitaji kusema lolote. Lakini watu kama mimi huwa hatukosi la kusema.

"Wamekataa, shemeji," nikasema. "Nimewaeleza kila kitu. Nimewaambia kosa ni langu. Wamekataa kabisa."

Hakulia. Aliuachia uzio, akanishika mkono, ule wa kulia, kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa ya baridi.

"Umejitahidi, shemeji," alisema. "Wengine hata kuja hawakuja. Sikujua kama ungethubutu kusema kosa ni lako mbele yao. Nilikufikiria vibaya, nisamehe."

"Usijali."

"Mungu akulipe."

"Amina," nikasema.