Karo Siku ya Posa

Asubuhi ya siku ambayo wakwe walikuwa waje kumposa binti yangu Evaresta, choo kilitapika. Sina neno lingine. Nilivuta mnyororo, maji yakapanda badala ya kushuka, yakasimama ukingoni na uchafu wote ukielea juu.

Choo kile nilikijenga kwa kujidai. Enzi za Mwingereza, Mwafrika wa Arusha mwenye choo cha kuvuta alikuwa akionyeshwa kidole barabarani. Sasa uani palinuka hata kuku walihama.

Nikamwita Balwant, Kalasinga aliyenijengea.

"Karo lako la choo bovu, Singasinga. Na leo nina wageni."

"Karo langu zima," alijibu, ameziba pua kwa kiganja. "Nyumba yako imekula nini? Fungua mifuniko."

Tulianzia mwisho, kwenye shimo ambamo maji hunyonywa na ardhi. Lilikuwa kavu. Karo lenyewe lilijaa hadi juu. Basi kizuizi kilikuwa katikati, kwenye bomba linalotoka karoni.

"Chokoa," akasema Balwant.

"Mimi?"

"Mimi najenga. Hayo ya humo ni ya kwako, bwana."

Nilivua shati, nikalala kifudifudi, nikazamisha mkono hadi begani. Mimi nauza ngozi mbichi za ng'ombe, kunuka ndiyo kazi yangu, lakini pale machozi yalinitoka. Vidole viligusa kitu kama uji ulioganda. Nikavuta. Likaja donge la kahawia, lina nyuzi na punje, likitiririka mkononi. Lilinuka choo, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na uchachu mtamu ninaoujua tangu utotoni.

Machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Mama mkwe wangu, Pudensiana, alikuja kutoka Kibosho kutupikia pombe ya posa. Nikamwita.

"Shikamoo tena, mama. Machicha uliyamwaga wapi?"

"Chooni."

"Chooni!"

"Kibosho wangekula ng'ombe. Wewe una ng'ombe? Una ngozi zao tu. Au ningemwaga njiani, Bwana Afya ajue tunapika pombe mjini bila kibali?"

"Yote, mama?"

"Mapipa mawili. Na choo chako kilikuwa kinakunywa vizuri sana."

Balwant alicheka hadi akashika ukuta.

Nilichota kwa mikono, ndoo kwa ndoo, nikazika nyuma ya migomba. Mara bomba likakoroma, maji yakaenda. Nilioga kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Chini ya kucha harufu ilibaki.

Wageni wakafika, mbele yao Mzee Manase, baba wa kijana. Mke wangu Aika akaniletea kata ya kwanza ya mbege. Kwetu mwenye nyumba huonja kabla ya wageni. Asipokunywa, wanainuka na kwenda zao, maana ampeje mtu kitu ambacho yeye hakitaki? Evaresta alikuwa mlangoni, macho yote kwangu.

Kata ilipofika puani, ukaja uchachu uleule. Punje zilezile zilielea. Nikaitazama.

"Baba Evaresta," akasema Manase, na tabasamu limemtoweka, "mbona unaitazama hivyo? Ina kitu?"

"Ina ulezi mwingi," nikasema, nikaimimina yote kinywani bila kupumua.

Ikarudi mdomoni, ya moto. Nikaimeza tena, midomo nimeibana, jasho likinitoka masikioni. Kisha nikaijaza tena kata, nikampa.

Manase akanywa, akafuta masharubu, akanywa tena.

"Aliyepika hii aishi," akasema. Mama Pudensiana akainua kidevu. "Bwana, sisi tumefika. Binti huyu ni wetu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Evaresta akaficha uso kwa khanga. Manase akachota kata nyingine, akaijaza mpaka ikamwagika, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Mbege ya namna hii, mkwe wangu, mtu hanywi kata moja."